Namba moja ya saa mbili si namba moja ya saa nne

Kikaratasi chenyewe kilikuwa cha njano, kimebandikwa chini ya skrini, na mwandiko ni wangu: "kill %1 kabla ya kulala", yaani niiue kazi namba moja. Nilikiandika saa mbili usiku. Saa nne na robo nikakisoma, nikatii.

Skrini ikajibu:

```
[1]+  Terminated              mysqldump duka | gzip > duka.sql.gz
```

Niliitazama ile sentensi kama mtu aliyefunua sufuria akakuta wali umegeuka makaa. Kazi niliyotaka kuiua haikuwa hiyo. Niliyotaka kuiua ilikuwa `du` ya kupima ukubwa wa mafaili kwenye diski moja kuukuu, ambayo nilihofia itakesha ikisaga. Hii iliyokufa ilikuwa nakala ya databesi nzima ya wenye ofisi, ilikuwa imeshatembea karibu saa moja na nusu, na `mysqldump` haina habari ya kuendelea ilipoishia. Ikikatika, unaanza sifuri, na kile kifaili cha `.gz` kilichobaki nusu hakikusaidii kitu.

Siwezi kumlaumu mtu. Mashine ilifanya nilichoiambia, neno kwa neno. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba ile namba 1 ni jina la kitu, na kwamba jina halihami.

Kabla sijaendelea, tuelewane neno moja. Nikisema sheli humu ndani sina maana ya kituo cha mafuta. Nazungumzia ile programu inayosoma unachoandika kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inakifasiri, kisha inaziita programu nyingine zikafanye kazi yenyewe. Kwenye Linux nyingi sheli hiyo ni bash. Kwenye Mac za miaka hii ni zsh. Sheli za mafuta nazo zina foleni na namba za pampu, lakini huko tusifike.

Ukimaliza amri kwa alama ya `&`, sheli haikusubirishi. Inaiachia kazi iende nyuma, inakupa namba mbili, na inakurudishia mstari uendelee na yako:

```
$ du -a /data | sort -n > ukubwa.txt &
[1] 18342
```

Namba iliyo ndani ya mabano ni namba ya kazi, na ya nje ni namba ya mchakato, yaani ya programu moja ikiwa inakimbia. Kwa muda mrefu nilizisoma kama vile moja ni kifupi cha nyingine, na nimewaona wengi wakizisoma hivyo. Ile 18342 imetolewa na kerneli, yaani kiini cha mfumo wenyewe, na inatambulika mashine nzima: dirisha lolote, mtumiaji yeyote, ukitaja 18342 tunazungumzia mchakato uleule. Ile 1 imetolewa na sheli ya dirisha lako tu. Imeandikwa kwenye orodha ambayo sheli hiyo inaitunza kwenye kumbukumbu yake, na kerneli haijui hata kama orodha hiyo ipo. Fungua dirisha la pili, andika `jobs`, utajibiwa kimya. Dirisha la pili lina daftari lake, na daftari lake ni jeupe.

Kitu kilichonisaidia kulielewa hili vizuri ni kibanda cha shangazi yangu. Alikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga. Ukimpelekea kitambaa, anachana karatasi vipande viwili, anaandika namba kwenye vyote, kimoja anakibana kwa pini kwenye kitambaa na kingine unaondoka nacho. Namba ile ilikuwa na maana ndani ya kibanda chake tu. Ukienda nayo kwa fundi wa mlango wa pili ukasema "mimi ni namba tano", atakupa gauni la mtu mwingine, au atakucheka.

Sasa, namba mpya alikuwa anaipataje? Hili nililiona utotoni bila kujua kwamba nitalihitaji. Shangazi alikuwa anatupia jicho kwenye kamba walikotundikwa waliotangulia, anaangalia namba kubwa kuliko zote iliyopo, anaongeza moja. Kama pale kuna 1, 2 na 3, na mwenye 2 akaja kuchukua suruali yake, mteja anayefuata bado anapewa 4. Pengo la 2 linabaki pengo. Kamba ikiisha kabisa, labda jioni ya mkesha wa Idi baada ya watu wote kuchukua nguo zao, kesho yake anaanza tena na 1.

Shangazi alikuwa bash. Tazama (`sleep` ni amri ya kulala tu kwa sekunde unazoitajia):

```
$ sleep 600 &
[1] 20417
$ sleep 5 &
[2] 20418
$ sleep 700 &
[3] 20422
$
[2]-  Done                    sleep 5
$ sleep 800 &
[4] 20431
```

Mbili ameondoka, na mgeni amepewa nne. Ila kama aliyeondoka angekuwa 3, yaani wa mwisho kwenye kamba, mgeni angepewa 3 hiyohiyo, kwa sababu kubwa iliyobaki ingekuwa 2. Na wote wakiondoka, tunarudi kwenye 1.

Fundi wa mlango wa pili alikuwa na utaratibu mwingine. Yeye alikuwa na vibao vya mbao vyenye namba, na mgeni anapewa kibao kidogo kuliko vyote kilichokaa bure. Huyo ni zsh. Fanya jaribio lilelile kwenye zsh na `sleep 800` atapewa 2, kwenye kiti ambacho hakijapoa. Sheli ndogo dash, ambayo ndiyo inayoendesha skripti (mafaili ya amri zilizopangwa) nyingi za mfumo kwenye Linux za Debian na Ubuntu, nayo hujaza pengo.

Mimi napenda utaratibu wa shangazi. Kwenye bash, kati ya kazi zilizopo sasa hivi, yenye namba kubwa ndiyo iliyoanza baadaye, siku zote. Ukiangalia orodha, umeona pia mpangilio wa kuwasili. Kwenye zsh unapata namba ndogo ndogo za kuandika haraka, lakini namba 2 inaweza kuwa ya dakika hii na namba 3 ikawa ya tangu asubuhi. Utaratibu wowote kati ya hiyo miwili usingeniokoa usiku ule, maana mitego yote miwili inakutana sehemu moja: kamba ikiwa tupu, wote huanza na 1.

Na ndivyo ilivyokuwa. `du` ilimaliza yenyewe kama saa mbili na nusu, mimi nikiwa nakula. Niliporudi nikabonyeza Enta mara kadhaa, bash ikaniambia `[1]+  Done`, maneno mengine yakayasukuma juu, sikuyaona. Saa tatu kasorobo nikaanzisha nakala ya databesi. Kamba ilikuwa tupu. Mgeni akapewa 1. Kikaratasi cha njano hakikupata taarifa.

Kuna jambo hapo kwenye ile taarifa ya `Done` ambalo huwachanganya watu. Bash haikukatizi unapoandika. Kazi ikiisha, bash inajua papo hapo, kwa sababu kerneli inamtumia mzazi ishara ya SIGCHLD mtoto anapokufa au kusimama. Lakini inalibana neno hilo mpaka iwe inajiandaa kukuonyesha mstari mpya wa amri. Na mpaka iwe imekuambia, namba ile bado imeshikwa. Kwa hiyo ukianzisha `sleep 1 &`, ukanyamaza sekunde tatu, kisha bila kubonyeza chochote kabla ukaandika `sleep 9 &`, mgeni atapewa 2, na ndipo utaambiwa kwamba 1 amemaliza. Marehemu alikuwa bado hajatangazwa. Ukitaka uambiwe papo hapo kuna `set -b`. Zsh yenyewe hutangaza mara moja bila kuombwa, hata kama uko katikati ya neno, na mimi tabia hiyo naiona kama ya mtu anayeingia chumbani bila kupiga hodi.

Tuje kwenye zile alama za kujumlisha na kutoa. Ukiandika `jobs` utaziona zimekaa karibu na mabano. Yenye `+` ndiyo kazi ya sasa, ndiyo itakayokuja mbele ukiandika `fg` peke yake. Yenye `-` ndiyo inayoipokea nafasi hiyo ya kwanza ikiondoka. Nyingine zote hazina alama. Watu hudhani `+` ni kazi ya mwisho kuanzishwa, na mara nyingi inakuwa hivyo, mpaka kazi moja isimamishwe. Kazi iliyosimama hutangulia. Ukiwa ndani ya `vim`, programu ya kuhariri maandishi, ukabonyeza Ctrl na Z kuisimamisha, kisha ukaanzisha `sleep 300 &`, orodha itakuwa hivi:

```
[1]+  Stopped                 vim barua.txt
[2]-  Running                 sleep 300 &
```

`sleep` ndiyo mpya, lakini `vim` ndiyo yenye kujumlisha. Ina mantiki: inayokimbia haikuhitaji, iliyosimama inakusubiri wewe. Kwa hiyo `kill %+` au `kill %%` (ni kitu kilekile) uliyoiandika ukidhani unaua kazi mpya, itaipata barua yako ambayo hujaihifadhi.

Baada ya usiku ule niliacha kuandika namba kwenye karatasi. Sheli inakubali pia jina. `%du` maana yake ni kazi inayoanza na maneno hayo, na `%?duka` ni kazi yenye neno hilo popote ndani ya amri. Kama ziko mbili zinazofanana, bash inagoma na kukuambia `ambiguous job spec`, na kugoma huko ndiko ninakokutaka. Ningeandika `kill %du` usiku ule, ingenijibu `no such job`, nikaenda kulala. (Kwenye zsh ile yenye alama ya kuuliza itie kwenye nukuu, la sivyo zsh itadhani unatafuta mafaili.)

Njia nyingine ni kuikamata namba ya mchakato palepale kazi inapozaliwa, kwa `$!`:

```
$ mysqldump duka | gzip > duka.sql.gz &
[1] 18977
$ nakala=$!
```

Hapo kuna ujanja mdogo wa kujua. Kazi moja inaweza kuwa na michakato mingi. Bomba lile, yaani amri zilizounganishwa kwa alama ya `|`, lina `mysqldump` na `gzip`, wawili, lakini kwa sheli ni kazi moja yenye namba moja. Ile 18977 iliyochapishwa ni ya nani? Ni ya wa mwisho kwenye bomba, yaani `gzip`. Ukitaka ya wa kwanza, andika `jobs -p %1`. Na ukiandika `kill %1`, ishara inawafikia wote wawili kwa pamoja, kwa sababu sheli iliwaweka kwenye kundi moja la michakato na kundi hilo lina namba ya mchakato wa kwanza. Ukiandika `kill $nakala` umemlenga `gzip` tu. `mysqldump` naye ataanguka punde, atakapogundua anamimina maji kwenye bomba lisilo na ndoo, lakini hiyo ni njia ya kuzunguka.

Na ndiyo, namba za michakato nazo hurudiwa. Kwenye Linux kikomo cha asili ni 32768, na mashine za biti 64 zinaweza kupandishwa mpaka 4194304. Kerneli inapanda tu mpaka ifike mwisho, ndipo inarudi chini kuokota zilizo wazi. Mzunguko huo ni mrefu. Ule wa mabano unaweza kukamilika mtu akiwa anakula wali.

Kuna kijana alikuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, mwepesi kuelewa, mwenye haraka. Siku moja akanipigia.

"Kaka, shikamoo. Kuna kazi imeng'ang'ania huku. Nimeandika kill 1 inakataa."

"Marahaba. Inasemaje?"

"Operation not permitted."

"Umeweka asilimia?"

"Asilimia ya nini tena, kaka?"

Nikamwambia ashike hapohapo, asiongeze `sudo`, ile amri ya kuazima mamlaka ya mkuu wa mashine. Alama ya asilimia ndiyo inayotofautisha daftari la sheli na daftari la kerneli. `kill %1` ni kazi namba moja ya dirisha hili. `kill 1` ni mchakato namba moja wa mashine nzima, yaani babu wa wote, init au systemd, aliyeanza mashine ilipowaka. Mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kumgusa, ndiyo maana alikataliwa. Hata ukiwa ruti, yaani mtumiaji mkuu, Linux inamlinda babu huyo: ishara ambayo hakuiandalia mpokeaji mwenyewe haimfikii, hata SIGKILL. Namba mbili ni kthreadd, mzazi wa nyuzi za kerneli, na zinazofuata nyingi ni wanawe, nao hawashtuliwi na `kill`. Kwa hiyo anayesahau asilimia kwenye Linux mara nyingi anaokolewa na ukweli kwamba namba ndogo zimeshikwa na wazee. Ningependa kusema imepangwa hivyo kwa hekima, lakini ni bahati tu ya mpangilio wa kuzaliwa.

"Sasa kaka, mbona na sudo kill %1 nayo inakataa?" Alikuwa ameshajaribu, bila shaka.

Swali hilo nililipenda. `kill` unayoitumia kila siku ni mbili. Moja ni programu iliyokaa kwenye diski, na nyingine imo ndani ya sheli yenyewe. Ukiandika `kill %1` ni sheli inayojibu, nayo inalifungua daftari lake. Ukiweka `sudo` mbele, umemtuma mtu wa nje, na mtu wa nje hajawahi kuliona daftari. Kwa sababu hiyohiyo `fg`, `bg` na `jobs` haziwezi kuwa programu za kujitegemea zikafaa kitu. Kwenye Mac ukifungua `/usr/bin` utakuta faili linaitwa `fg`. Lipo kwa sababu POSIX, kiwango cha mifumo ya jamii ya Unix, kinataka amri za aina hiyo ziwepo hata kama programu. Liendeshe uone kazi itakayoletwa mbele. Hakuna.

Hii habari yote ya kuzisimamisha kazi na kuzirudisha ilichelewa kufika Unix, mfumo ambao Linux iliufuata nyayo. Ile `&` ni ya zamani sana, ilikuwepo kwenye sheli ya Ken Thompson mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kuipata kulikuwa rahisi: sheli inazaa mtoto, na badala ya kumsubiri amalize, haimsubiri. Basi. Lakini ukishaituma kazi nyuma ulikuwa umeiaga. Unabaki na namba ya mchakato mkononi, unaweza kuiua, huwezi kuirudisha mbele. Sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na Unix ya Toleo la Saba mwaka 1979 ilikuwa bado hivyo.

Mabano na asilimia vilikuja kupitia csh, sheli ya Bill Joy wa chuo kikuu cha Berkeley, California. Aliyeipa udhibiti wa kazi ni Jim Kulp, na hakuwa California. Alikuwa Laxenburg, Austria, kwenye taasisi ya utafiti ya IIASA. Ilibidi kerneli nayo iguswe, ndipo mambo yakaingia kwenye BSD, Unix ya Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fikiria hali ilivyokuwa: mtu ana terminali moja ya maandishi, hakuna madirisha, hakuna tabo, na yuko katikati ya kuhariri faili anapokumbuka jambo. Ama afunge kila kitu atoke, ama avumilie. Ctrl na Z ilikuwa mlango wa pembeni. David Korn wa Bell Labs akaichukua kwenye ksh, iliyotangazwa 1983, na Brian Fox alipoitoa bash kwa ajili ya GNU, mradi wa programu huria, mwaka 1989, hakuna ambaye angeikubali sheli isiyokuwa nayo.

Kilichoguswa ndani ya kerneli ni hiki, na mimi nakiona kama sehemu nzuri kuliko zote. Terminali inajua ni kundi gani la michakato liko mbele. Moja tu kwa wakati. Kundi hilo ndilo lenye haki ya kusoma kibodi, na ishara za kibodi zinakwenda kwake: Ctrl na C inatuma SIGINT, Ctrl na Z inatuma SIGTSTP. Sheli ndiyo inayoikabidhi terminali hiyo. Unapoandika `fg %2`, sheli inaiambia terminali kwamba kundi fulani sasa ndilo mwenyeji, inalitumia SIGCONT liamke, kisha yenyewe inakaa kando kusubiri. Kazi ikiisha au ikisimama, sheli inajirudishia uenyeji. `bg` ni nusu ya hayo: inaamsha, haikabidhi.

Na kundi la nyuma likijaribu kusoma kibodi? Terminali inalitumia SIGTTIN, na kazi inasimama palepale. Hii ndiyo sababu ukianzisha nyuma amri ambayo katikati inauliza "una uhakika? y/n", utakuta baadaye imeandikwa `Stopped` na haijafanya lolote. Haijaharibika. Imeuliza swali, ikaambiwa hii si zamu yako ya kusikiliza, ikakaa. Ilete mbele kwa `fg`, ijibu, isimamishe, irudishe nyuma kwa `bg`. Kuandika kwenye skrini, kwa upande mwingine, huruhusiwa hata kwa walio nyuma, ndiyo maana kazi ya nyuma inaweza kukutapikia maneno katikati ya amri unayoiandika. Ukichoshwa, `stty tostop` inawafunga midomo pia.

Ndani ya skripti mambo haya yote yamezimwa. Skripti haina mtu mbele ya kibodi, kwa hiyo bash haihangaiki na kukabidhi terminali, wala haikuchapishii mabano. Waandishi wa skripti hutumia `$!` na `wait`, na wanaishi vizuri.

Nigusie kifo cha aina nyingine, kwa kuwa sisi wa kuunganisha kompyuta kwa simu tunakijua sana. Uko kwenye seva ya mbali kwa ssh, umeanzisha kazi ndefu nyuma, bando likaisha. Seva ikigundua kwamba laini imekatika, sheli yako ya kule inapata SIGHUP, ishara ya laini kukatika, na bash ikishapata SIGHUP inawagawia kazi zake zote kabla haijafa. Kumbe ukitoka kistaarabu kwa `exit`, bash ya kawaida haiwatumii hiyo ishara waliobaki wakikimbia nyuma. Zsh huwatumia kwa vyovyote, ingawa kwanza hukuonya. Dawa ni `nohup` kabla ya kuanza, au `disown %1` ukikumbuka baadaye: kazi inafutwa kwenye daftari, haina tena namba, na sheli haiwezi kumtumia salamu za mwisho mtu isiyemjua. Kwa kazi ya maana mimi naanzia ndani ya tmux, programu inayoishikilia sheli hai hata laini ikikatika, halafu bando liishe linavyotaka.

Nakala ya databesi niliianza upya saa nne na nusu usiku ule, ndani ya tmux, nikaisindikiza mpaka saa sita. Kikaratasi nilikitupa.

Makala haya nimeyaandika kwenye `vim`, na majaribio yote ya juu nimeyafanya kwenye dirisha hilohilo, nikitoka kwa Ctrl na Z na kurudi. Sasa hivi nilidhani nimemaliza, nikataka kufunga:

```
$ exit
exit
There are stopped jobs.
$ jobs
[1]+  Stopped                 vim makala.txt
[2]-  Running                 sleep 9000 &
$ fg %?makala
vim makala.txt
```

Aya tatu za mwisho zilikuwa hazijahifadhiwa.